Madaftari ya Bwana Hodi

4 Februari

Wifi yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama na kwamba mvuke wa masufuria ya shule haujakumaliza kifua. Mimi nipo, najikaza. Ni mwezi wa tano sasa tangu kaka yako atutoke, na bado asubuhi nakata mkate vipande vinne badala ya viwili. Viwili vinavyobaki navila saa nne, nikiwa kwenye cherehani, ili visinitazame.

Nina jambo linanisumbua, na huku sina wa kumwambia.

Ukumbini kwetu wameanzisha mafunzo ya viongozi wa jamii, miezi mitatu, kila Jumamosi. Tumechaguliwa watu kumi na wawili, wote wa kujitolea. Tumepewa vesti za kijani za kuvaa juu ya nguo, na kalamu. Tunafundishwa kuendesha mkutano, kusikiliza mtu bila kumkata, kutembelea wagonjwa na wazee wanaoishi peke yao. Mafunzo yamepewa jina la kaka yako. Picha yake wameitundika ukutani, ile aliyovaa shati la michirizi, na chini wameandika: "Bwana Hodi, miaka saba ya kubisha milango." Nilipoiona mara ya kwanza nilitoka nje nikajifanya napenga kamasi.

Sasa sikiliza. Mkufunzi wetu ni mama wa makamo, mpole, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Juzi tulifanya zoezi la kusikilizana wawili wawili. Mmoja wetu hakuja siku hiyo, basi watu wote wakapata wenzao, nikabaki mimi, akaja yeye. Badala ya kuniacha niseme, akaniuliza: "Mama, marehemu alikuwa anaandika mwenyewe taarifa zake?" Nikamjibu, "Alikuwa anaandika." Akauliza: "Kwa mkono wa kulia au wa kushoto?" Wifi, mtu akiulizia mkono wa maiti anatafuta nini?

Halafu kuna yale madaftari saba ya jalada la buluu, aliyokuwa akiweka habari za kila nyumba aliyopita. Yalikuwa kabatini kabla ya msiba. Siku nilipopata nguvu ya kufungua kabati, hayapo. Ulikuwepo siku zile zote. Uliona nani aliingia chumbani?

Mke wa kaka yako


15 Februari

Wifi,

Barua yako imenikuta nachambua maharage, nimeisoma kwa vidole vya vumbi, usishangae nikirudisha karatasi chafu.

Nyumba ya msiba ni kama stesheni. Waliingia wa kulia, waliingia wa kula, na waliingia wa kuangalia pazia. Nitajuaje nani kaingia chumbani? Yule fundi baiskeli nilimwona kwenye korido mara mbili, anasema anatafuta maji ya kunywa, na ndoo iko uani. Mchunguze huyo.

Na huyo mkufunzi usimwambie kitu. Watu wa semina nawajua, hata hapa shuleni huja. Wanakuchekea, wanakupa kalamu, halafu wanakuandika wewe. Ukiulizwa swali, jibu "ndiyo" au "hapana" halafu kohoa. Mimi nikihojiwa na mwalimu mkuu kuhusu sukari nakohoa mpaka anaondoka.

Ila nikuulize na mimi, maana nilikuwa mbali na simu haikuwa inasikika vizuri: kaka alilazwa kuanzia tarehe ngapi hadi ngapi ile mara ya kwanza? Nataka tu kuweka kumbukumbu.

Na jingine. Wanasema humo mwenu atachaguliwa mmoja wa kushika nafasi yake. Wewe unaitaka?

Wifi yako wa jikoni


24 Februari

Wifi yangu,

Kaka yako alilazwa tarehe sita Juni, akatoka tarehe ishirini na tano. Siku kumi na tisa. Nazijua kwa sababu nilipewa kiti cha plastiki chenye mguu mfupi, na siku kumi na tisa nilikuwa natia karatasi chini yake.

Madaftari nimeyaona.

Jumamosi niliwahi ukumbini kupanga viti. Yalikuwa juu ya meza ya mkufunzi, yote saba, yamechomekwa vikaratasi vya njano kama meno. Nikamuuliza ameyapata wapi. Akasema, "Yaliletwa, mama." Nikasema, ni ya nyumbani kwangu. Akasema, "Nitakurudishia kila ukurasa, lakini kwanza kuna kitu nataka nikielewe." Akanionyesha daftari la sita. Ndani yake kuna karatasi ya hospitali, ile ya kutoka wodini. Mimi ndiye niliyeisahau humo. Halafu akanionyesha kurasa za Juni. Tarehe saba: "Nimepita kwa fundi baiskeli, mkono wake umeanza kushuka uvimbe." Tarehe kumi: "Nimepita kwa bibi wa ngazi, hana mkaa, nimemwambia jirani." Tarehe kumi na nne, kumi na tano, kumi na nane. Nimepita, nimepita. Akaniuliza, "Mtu aliye kitandani wodini amepitaje?"

Nilikohoa, kama ulivyonifundisha. Nilikohoa vibaya hata akaniletea maji.

Kumbe alikuwa ameshawatuma wenzangu. Wiki ile walipewa zoezi la kwenda nyumba kwa nyumba na vesti zao, wakauliza kama kweli Bwana Hodi alifika siku zile za Juni. Watu kumi na mmoja waliulizwa. Wote wakasema alifika. Fundi baiskeli akasema, "Alikuja mwenyewe, akaketi hapo juu ya tairi, tukacheka." Bibi wa ngazi, yule anayekaa juu ghorofani, akaapa kwamba alimpandishia mkaa kwa mkono wake. Yaani kadiri walivyoulizwa ndivyo walivyoongeza. Mmoja amesema alimwona anakimbia.

Sasa mkufunzi anatutazama mtaa mzima kama watu tulioketi tukapanga la kusema. Na wenzangu wa vesti nao wamebadilika. Nikiingia wanazungumza habari za mvua.

Wifi, wakati nakunja kitambaa cha meza niliona boksi yalimoletwa madaftari yale. Ni boksi la hamira, lile kubwa la kilo nyingi ambalo haliuzwi madukani kwetu. Limefungwa kwa uzi wa gunia, mafundo mawili na kitanzi pembeni, kama mtu anavyofunga mfuko wa unga ili aufungue kwa mkono mmoja.

Ni wewe?

Mke wa kaka yako


4 Machi

Wifi,

Ni mimi.

Niliyachukua siku ya tatu ya msiba, nikayaweka chini ya nguo zangu begini. Nilitaka kitu chake. Wewe ulikuwa na nyumba nzima, viatu vyake mlangoni, kofia yake msumarini. Mimi ningeondoka na nini? Nikasema nitayasoma huku, nitamsikia sauti.

Basi nikayasoma. Nilisoma la kwanza na la pili, nikalia, nikacheka. Mwandiko wa kaka naujua tangu tunaandikia mkaa kwenye ukuta wa mama tukachapwa wote wawili. Herufi zake zinaanguka upande kama watu waliosukumwa. Nikafika daftari la nne, nikaona mistari imenyooka. Imenyooka kama pindo la sketi. La tano vile vile, la sita, la saba. Huo si mkono wa kaka. Huo ni mkono wa mshonaji.

Halafu nikaikuta ile karatasi ya hospitali.

Sasa niambie ningefikiri nini. Kaka yuko kitandani na mpira wa maji mkononi, na mtu anaandika "nimepita" kwa jina lake. Nikajiambia, kumbe wifi yangu huyu mpole, sauti kama anabembeleza mtoto, ameketi akatunga. Ameandika madaftari manne ya ziara za hewa, ili kaka azikwe na jina kubwa na yeye arithi kiti. Na kweli, mafunzo yakaja, picha ikatundikwa, na wewe ukapewa vesti. Nikaona yote yanashikana.

Niliyatuma kwa mkufunzi mwenyewe, na barua juu. Sikuandika jina lako. Niliandika: "Angalia mwandiko, angalia Juni." Na tarehe nilikuuliza ili nihakikishe, sikuwa naweka kumbukumbu yoyote.

Fundi baiskeli hana kosa. Kweli alikuwa anatafuta maji.

Kama nimekuonea, niambie. Lakini usiniambie kwa kukohoa.

Dada yake marehemu


9 Machi

Mama mpendwa,

Nakuandikia badala ya kuja nyumbani kwako, kwa sababu nikija mtaa utasema nimekuja kukukamata, na sijaja kumkamata mtu.

Hali ni hii. Watu kumi na mmoja wamesema marehemu alifika kwao mwenyewe. Karatasi ya hospitali inasema hakushuka kitandani. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli. Vijana na akina mama unaosoma nao ninawafundisha kwamba kiongozi wa kujitolea ana kitu kimoja tu mkononi, nacho ni kwamba akisema amefika, amefika. Siwezi kuwafundisha hilo chini ya picha ya mtu ambaye madaftari yake yanasema vingine.

Jumamosi nitaomba uwaeleze wenzako unachokijua. Usipotaka, sitakulazimisha. Lakini nitaishusha picha, mafunzo yatapewa jina jingine, na nitalazimika kusema kwa nini.

Nasikitika kukuandikia haya ukiwa bado na majonzi. Nimefikiri sana kama kuna njia ya upole zaidi, sikuiona.

Mkufunzi


18 Machi

Wifi,

Barua yako niliiweka chini ya mguu wa cherehani siku nne kabla ya kuweza kuisoma mara ya pili. Umeniita mtunzi. Sikukasirika kama nilivyodhani nitakasirika. Ningekuwa mimi na wewe tumebadilishana, mimi na madaftari yale mbali huko, labda ningefikiri hayo hayo.

Jumamosi nilisema. Na sasa nakuambia wewe, ingawa ulistahili kuwa wa kwanza.

Kaka yako alikuwa haoni.

Miaka minne. Ilianza kidogo kidogo. Siku moja alimimina chai pembeni ya kikombe, akacheka, akasema kikombe kimehama. Kisha akaanza kugonga mabega kwenye milango. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, akasema mshipa wa ndani umekufa, hakuna miwani wala dawa ya kuurudisha. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye ile kona ya duka la vioo akasema: "Wakijua hawa, wataanza kunitembelea mimi." Akaniapisha hapo hapo, watu wanapita, kwamba mtu yeyote asijue. "Hata dada yangu," alisema. "Hasa dada yangu, ataacha kazi aje anilishe uji."

Kwa hiyo tulizunguka wote wawili. Watu wakasema, aa, wazee hawa wanapendana, hawaachani. Nilikuwa namshika mkono juu ya kiwiko. Nikimfinya mara moja, kuna mtu mbele, amsalimie. Mara mbili, kuna ngazi. Nikivuta shati, asimame. Sauti alizijua zote mwenyewe. Na alikuwa anasikia vitu nisivyovisikia mimi: kwamba bibi wa ngazi anapumua kwa juu juu, kwamba jiko la fundi baiskeli halijawashwa tangu jana. Mimi nilikuwa naona tu, yeye ndiye alikuwa anajua. Tukirudi anasimulia, naandika. Akisema "nimepita", naandika "nimepita". Ningeandikaje kitu kingine? Maneno ni yake.

Alipolazwa, siku ya kwanza tu, aliniuliza: "Leo nani kapita kwa fundi?" Nikasema hakuna. Akageukia ukutani, akakataa kula. Kesho yake, wakati wa kuona wagonjwa ulipokwisha, nilipita mimi. Nilibisha, nikasema Bwana Hodi amenituma. Nikarudi jioni, nikamweleza kila kitu, akauliza maswali mpaka muuguzi akamnyamazisha. Halafu akasema, "Andika. Nimepita kwa fundi baiskeli." Sikumsahihisha. Alikuwa amelala na mpira wa maji mkononi, anasema nimepita, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepita. Hilo ndilo kosa langu, wifi. Ningeandika "tumepita" au "amenituma", leo tusingekuwa hapa. Lakini sikuwa naandika kwa ajili ya kusomwa.

Na wale kumi na mmoja walioulizwa walinipokea mimi, wanajua. Fundi baiskeli alisimama ukumbini, jasho linamtoka, akasema: "Mmekuja na vesti na kalamu, mnaniuliza tarehe. Nikajua anatafutiwa kosa. Mlitaka niseme hakuja?" Mkufunzi akamuuliza, "Na kuketi juu ya tairi?" Akasema, "Hiyo niliongeza." Bibi wa ngazi alikuwa amebebwa hadi pale kwenye kiti, akadakia: "Na mimi mkaa niliongeza. Lakini angeweza, angepandisha!"

Yule binti wa duka la dawa, mwenzangu wa vesti, akasema kwa sauti, "Kwa hiyo siku ile alikagua choo changu akasema kinang'aa, hakukiona?" Watu wakacheka. Nikasema alikinusa. Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka, halafu nikashindwa kuacha na ikawa kulia.

Si wote waliopokea vizuri. Mmoja aliuliza kama sasa waamini hili nalo au kesho litakuja jingine. Akasema mtu asiyeona hakupaswa kupewa watu wa kuangalia, na kwamba tulimchezea kila mtu miaka minne. Labda ni kweli. Mkufunzi akafunga madaftari, akanipa mikononi, na picha hakuishusha. Baadaye, tukiwa tunabeba viti, aliniomba wiki zilizobaki niwafundishe mimi kutembelea nyumba. Nilisema nitafikiri.

Nimevunja ahadi yake ili asiitwe mwongo. Nimerudi nyumbani nikamwambia hivyo kwa sauti, hapa kwenye cherehani.

Mke wa kaka yako


27 Machi

Wifi,

Sijui nianzie wapi. Nimeunguza wali wa wanafunzi mia mbili, na mwalimu mkuu hakuthubutu kuniuliza.

Nilikusingizia. Nilikuwa na boksi, uzi, karatasi ya hospitali, mwandiko, kila kitu, nikakosa wewe. Usiseme ungefikiri vile vile. Usingefikiri. Wewe ungeuliza kwanza.

Kuna kitu kimoja tu nakuomba, halafu sitakusumbua tena kwa hili. Mara ya mwisho kuja kwenu, ule mwaka kabla hajaondoka, alinipokea mlangoni. Alinishika mabega yote mawili akasema, "Dada, umenenepa! Wanakulisha huko!" Mimi nilikuwa nimekonda kama mpini wa ufagio, hata nguo zilikuwa zinanizunguka. Nilidhani ananitania. Nilicheka. Na njia nzima ya kurudi nilikuwa na furaha kwa sababu nilijiambia, kaka ameniona, ameona kwamba nimekonda, ameficha kwa mzaha ili nisione haya.

Sasa nauliza. Hakuniona?

Dada yake


5 Aprili

Wifi yangu,

Nimeanza kuwafundisha. Jumanne na Alhamisi natoka nao wawili wawili. Yule aliyeuliza kama waamini, nimemchagua wa kwanza. Ni mgumu, anaandika kila kitu, na anauliza wenye nyumba maswali ambayo mimi naona aibu kuuliza. Bibi wa ngazi amemwita askari. Anafaa.

Kuhusu swali lako nilikuwa na majibu mawili. Moja ni zuri, nimeliandika juzi kwenye karatasi nyingine, nikalichana. Nimesema vya kutosha kwa mdomo wa mtu mwingine.

Hakukuona, wifi. Wakati ule alikuwa haoni hata dirisha. Alisikia hatua zako, akajua ni wewe kabla hujabisha. Aliponishika mkono pale mlangoni aliniuliza chini chini, kama alivyouliza kila mahali: "Yukoje?" Nilikutazama. Shingo yako ilikuwa imeingia ndani, pete imehamia kidole cha kati. Nilijua nikimwambia, ataacha nyumba zote za mtaa, atataka tukufuate huko, na hataweza. Nikamnong'oneza: "Amenenepa." Akafurahi mno. Ndipo akakushika mabega. Na ulipokwisha kuondoka alikaa anafungua na kufunga viganja vyake. Akasema, "Mbona mifupa?" Nikamwambia ni koti.

Miaka minne nilikuwa macho yake, nyumba mia na zaidi, na niliyomweleza yote yalikuwepo. Ni hilo lako tu ambalo halikuwepo. Nadhani hakuniamini, lakini hakuniuliza tena, na mimi na yeye tukaliacha likae kati yetu hivyo hivyo.

Sasa nakuuliza wewe, maana hakuna tena wa kumficha. Ulikuwa unaumwa nini?

Wifi yako